Mfanyabiashara Aliyekosa Mayai

Meli ilikuwa kwenye mto Thames, safari yake Zeeland ng'ambo ya bahari, upepo ukakata. Wafanyabiashara waliokuwemo wakasubiri, wakachoka kusubiri, njaa ikawateremsha nchi kavu. Mmoja wao, muuza vitambaa aliyeitwa Sheffelde, akapiga hodi kwenye nyumba moja akaomba chakula, hasa mayai. Alitamka "egges". Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Sheffelde akapandwa na hasira, maana Kifaransa hata yeye hakijui. Alichotaka ni mayai tu. Ikabidi mwenzake aingilie kati, aseme wanatafuta "eyren", na hapo ndipo yule mama alipoelewa.

Kisa hiki kimesimuliwa na William Caxton, mtu aliyeleta mashine ya kwanza ya kupiga chapa Uingereza na kuifunga Westminster mwaka 1476. Alikiandika mwaka 1490, katika dibaji ya kitabu alichokuwa amekitafsiri kutoka Kifaransa, na hakukiandika ili kuchekesha watu. Alikuwa na swali la biashara. Mtu anayetaka kitabu kimoja kinunuliwe kaskazini na kusini aandike "egges" au aandike "eyren"? Waingereza wawili wamesimama mlangoni, yai ni lilelile, na mmoja anamdhania mwenzake mgeni.

Nimewasikia wanafunzi wengi, na walimu wachache wenye ujasiri, wakisema Kiingereza hakina kanuni. Sikubaliani nao. Kanuni kinazo, tena nyingi mno. Shida ni kwamba zililetwa na watu mbalimbali walioingia nyumba moja kwa nyakati tofauti, kila mmoja na sufuria zake, na hakuna aliyetupa za mwenzake. "Eyren" lilikuwa neno la wenyeji. "Egges" lilikuja na maharamia.

Wenyeji wenyewe walikuwa wageni wa zamani kidogo. Katika karne ya 5, baada ya majeshi ya Roma kuondoka Britania, makabila ya Waangli, Wasaksoni na Wajuti yalivuka bahari kutoka pwani ambazo leo ni za Ujerumani na Denmark. Lugha yao, ambayo wataalamu wanaiita Kiingereza cha Kale, ingemtoa jasho Mwingereza yeyote wa leo. Nomino zilikuwa na jinsia tatu. Jua lilikuwa la kike, mwezi wa kiume, na "wif", yaani mwanamke, hakuwa wa kike wala wa kiume. Alihesabiwa katika kundi la tatu, na kionyeshi chake kilikuwa cha kundi hilo. Sisi wenye ngeli tusicheke sana, ila angalau kwetu kijana, pamoja na ki- yake, bado ni kijana huyu na amefika, wala si kijana hiki kimefika. Juu ya jinsia kulikuwa na miisho. Neno "stan", jiwe, lilikuwa na sura sita: stan, stanes, stane, stanas, stana, stanum, kutegemea jiwe linatenda, linatendwa, linamiliki au linapewa, na kama ni moja au mengi.

Hata "feet" ya leo ilizaliwa katika zama hizo, au kabla yake kidogo. Wingi wa mguu ulikuwa na kiambishi tamati chenye sauti ya i. Sauti hiyo iliivuta irabu ya mzizi ikaisogeza mbele ya kinywa, kisha yenyewe ikadondoka. Msemaji wa Kiswahili anaijua tabia hii bila kufundishwa: tunasema piga, pigia, lakini soma, somea, kwa sababu irabu ya mzizi inaamua kiambishi kiwe i au e. Kwa wale, mvutano ulikwenda upande wa pili, kiambishi kikauamuru mzizi. Ni kama mgeni aliyehamisha samani zote za sebule halafu akaondoka bila kuaga. Foot na feet, goose na geese, mouse na mice, man na men: samani zimebaki zilipowekwa, na aliyezisogeza hayupo tena wa kuulizwa.

Mwaka 793 Waviking walivamia monasteri ya Lindisfarne, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Uingereza. Kwa miaka mingi walikuja, wakapora, wakaondoka. Kisha wakaanza kubaki. Mfalme Alfred alimshinda Guthrum, kiongozi wao, huko Edington mwaka 878, lakini ushindi huo haukuwarudisha makwao. Nchi iligawanywa, na upande wa mashariki na kaskazini ukaishi chini ya sheria zao. Wakalima, wakaoa, wakafanya biashara na majirani.

Lugha za pande hizi mbili zilikuwa za ukoo mmoja, tuseme kama Kisukuma na Kinyamwezi. Mizizi ilifanana sana, tofauti ilikuwa kwenye miisho. Sasa mfikirie mtu sokoni anataka kununua farasi. Anausikia mzizi, anaelewa ni farasi. Mwisho wa neno haumsaidii, unamchanganya tu. Baada ya vizazi kadhaa vya kuuziana farasi namna hiyo, miisho ikaanza kumezwa. Wataalamu wengi wanaamini kwamba soko hili, na ndoa hizi, ziliharakisha kufa kwa jinsia na miisho ya Kiingereza cha Kale, ingawa udhaifu wa kutamka silabi za mwisho ulikuwa umeshaanza. Mimi hupenda kulisema hivi: sarufi ya Kiingereza ilirahisishwa na watu wazima waliojifunza Kiingereza vibaya.

Waviking waliacha maneno kama sky, skin, knife, egg, na window, ambalo maana yake ya asili ni jicho la upepo. Waliacha pia jambo la ajabu zaidi. They, them na their ni maneno yao. Lugha kukopa jina la kisu ni kawaida, lakini kukopa "wao" ni kama kuazima kwa jirani kitanda cha ndani. Kiswahili kimechukua maelfu ya maneno ya Kiarabu, na bado mimi, wewe na wao hatujawahi kuwaachia wageni.

Kisha ukaja mwaka 1066. William, mtawala wa Normandy, alishinda vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba, na kwa muda wa karne tatu hivi Kifaransa kikawa lugha ya ikulu, mahakama na meza za wakubwa. Kila mwalimu wa Kiingereza hapa kwetu anakijua kisa cha nyama: mnyama akiwa zizini anaitwa kwa Kiingereza, cow, sheep, calf, akifika mezani anaitwa kwa Kifaransa, beef, mutton, veal, kwa kuwa mchungaji alikuwa Mwingereza na mlaji Mnormani. Aliyekieneza ni Walter Scott katika riwaya yake Ivanhoe ya mwaka 1819. Ni hadithi tamu, lakini imepigwa pasi mno. Kwa karne kadhaa baada ya Hastings Waingereza waliendelea kutumia neno "beef" hata kwa ng'ombe aliye hai anayekula majani. Mgawanyo safi wa zizi na meza ulikuja taratibu.

Madhara makubwa ya Wanormani, kwa mtu anayejifunza, hayako jikoni. Yako kwenye ukoo wa maneno. Chukua mzizi soma. Unapata msomaji, somo, usomaji, somesha, someka, kisomo; mtoto akiujua mzizi mmoja, ameshika ufunguo wa chumba kizima. Hata neno likija kwetu kutoka ugenini, tunalivalisha nguo za nyumbani. Safiri ni la Kiarabu, lakini msafiri, usafiri na safirisha tumevishona wenyewe. Kitabu kilikuja na ki- ambayo kwa Waarabu ni sehemu ya mzizi. Sisi tukasema vitabu, mambo yakaisha. Madereva wa Tanzania walisoma bango la Kiingereza lililowaambia wakae kushoto, wakapata kiplefti, na viwili vikawa viplefti.

Kiingereza hakikuwavalisha wageni wake hivyo. Kiliwaruhusu waingie na jamaa zao wote. Ndiyo maana mdomo ni mouth lakini kinachohusu mdomo ni oral. Jino ni tooth, la meno ni dental. Mwezi ni moon, wa mwezi ni lunar. Jua ni sun, la jua ni solar. Nomino ni ya mkulima wa Kisaksoni, kivumishi chake ni cha padre aliyesoma Kilatini, na hawa wawili hawana herufi ya kuwatambulisha kuwa ni ndugu. Mwanafunzi analipa neno moja kwa bei ya mawili.

Hata kukanusha kuna tabaka. Wenyeji walikuwa na kiambishi awali un-. Kilatini na Kifaransa vikaleta in-. Mtu angetarajia kimoja kishinde, au angalau kila kimoja kikae na jamaa zake. Badala yake tunapata unable, lakini nomino yake ni inability. Unjust, halafu injustice. Unequal, halafu inequality. Unstable, halafu instability. Vivumishi hivi vilikaa midomoni mwa watu wa kawaida vikazoea un- ya nyumbani. Nomino ndefu ziliingia zimeshatengenezwa kutoka Kifaransa na Kilatini, na in- yao mgongoni. Nikiwa kidato cha pili niliandika "unjustice" nikachorwa mstari mwekundu, na hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimefuata kanuni vizuri kuliko lugha yenyewe.

Na viambishi vya mtendaji ndiyo usiseme. Mwalimu ni teacher, kutokana na teach. Basi mpishi, kutokana na cook, atakuwa cooker? Hapana, huyo ni jiko. Mpishi ni cook tu, sawa na kitenzi chake. Sijui ni Waswahili wangapi wamejitambulisha kwenye usaili wa kazi za hoteli kuwa wao ni majiko hodari.

Utawala wa Kifaransa ulichakaa polepole. Wafalme wa Uingereza waliipoteza Normandy mwaka 1204, na mabwana wakaanza kuwa Waingereza kwa kukosa pengine pa kwenda. Mwaka 1362 bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa raia hawakuelewa Kifaransa kilichotumika mahakamani. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Kiingereza kilichorudi ikulu hakikuwa kile kilichotoka: jinsia zilikuwa zimekwisha, miisho imebaki michache, na kabati la maneno limejaa vya watu.

Hiyo ndiyo lugha aliyoikuta Caxton, naye akaifanyia jambo ambalo watoto wa shule wanalilipia mpaka leo. Kupiga chapa kunagandisha. Fundi wa chapa hataki neno lililoandikwa hivi leo na vile kesho, na tahajia iliyochapwa mara nyingi inaanza kuonekana kuwa ndiyo sahihi. Bahati mbaya ni kwamba iligandishwa wakati matamshi yanatembea. Zamani Mwingereza alisoma "name" karibu kama ambavyo Mswahili angeisoma: naa-me. "Bite" ilikuwa bii-te. Kuanzia karne ya 15, na kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, irabu ndefu zote za Kiingereza zilipanda au kuvunjika, lakini herufi zikakaa palepale. K ya knight na gh yake zilikuwa zikitamkwa kweli. Zilinyamaza, zikaachwa kwenye karatasi kama majina ya marehemu kwenye daftari la mahudhurio.

Zikaongezwa nyingine ambazo hazijawahi kutamkwa. Caxton alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, katika nchi ya Waflandri, na h iliyomo ndani ya "ghost" inatokana na mazoea ya uandishi ya huko. Wasomi wa baadaye, walioona haya kwamba lugha yao haifanani na Kilatini, wakatia b kwenye debt ili kumkumbuka babu yake wa Kilatini, ingawa neno lilikuwa limeingia kutoka Kifaransa bila b yoyote. Wakatia s kwenye island kwa kudhani ni ndugu wa neno la Kilatini la kisiwa, wakati ni neno la wenyeji lisilo na undugu huo kabisa.

Hapa Mswahili ana sababu ya kushukuru. Wamishenari kama Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichapishwa London mwaka 1870, walipokiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi walichukua konsonanti nyingi kwa mtindo wa Kiingereza lakini irabu wakazichukua kwa mtindo wa Kiitaliano. Wangetupa irabu za nyumbani kwao, sijui leo tungeandikaje "baba".

Miongoni mwa watu wa kwanza kuuona mzigo huu kwa macho ya mwanafunzi walikuwa wakimbizi. Waprotestanti wa Ufaransa walikimbilia London katika karne ya 16, wafuma nguo na mafundi waliohitaji kununua mkate kesho yake asubuhi. Mmoja wao, Jacques Bellot, aliwaandikia kitabu cha Kiingereza mwaka 1580, na mwaka 1586 akatoa kingine cha mazungumzo. Ukurasa una safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, na ya tatu Kiingereza kilekile kikiwa kimeandikwa kama Mfaransa atakavyokitamka. Mazungumzo yenyewe ni ya watoto kwenda shule na watu kununua samaki na nyama. Safu ya tatu ndiyo ninayoipenda. Ni ungamo kwamba kusoma safu ya kwanza hakumfikishi mtu sokoni.

Karne zilizofuata ziliongeza walinzi kuliko wasaidizi. Samuel Johnson alitoa kamusi yake mwaka 1755, yenye maneno zaidi ya 40,000, na huyu alikuwa na jicho la huruma. Kwenye dibaji alieleza kwamba kinachowatesa wageni kuliko vyote ni ile tabia ya kuchukua kitenzi kifupi na kukiwekea kijineno nyuma, maana ikageuka kabisa. Give ni kupa. Give up ni kukata tamaa, give in ni kusalimu amri, give away ni kugawa bure au kufichua siri. Sisi tunabadilisha maana ndani ya kitenzi, pa, pea, pana, pewa, na kila kiungo kina kazi yake inayojulikana. Up haina kazi inayojulikana. Johnson alijitahidi kuvikusanya vitenzi vya aina hiyo kwa wingi ili mgeni asipotee. Baada yake Robert Lowth mwaka 1762, na Lindley Murray, mwanasheria wa Kimarekani aliyehamia York, mwaka 1795, waliandika vitabu vya sarufi vilivyofundisha zaidi yapi usiseme. Kitabu cha Murray kiliuzwa kwa mamilioni na kikawapa walimu wa dunia nzima kalamu nyekundu.

Mnamo mwaka 1930 C. K. Ogden, mwanazuoni wa Cambridge, alidhani amepata dawa. Alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, na ndani yake vitenzi 18 tu. Mwaka huohuo huku kwetu ilianza kazi kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, miaka miwili baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Swali lao lilikuwa lilelile la Caxton na mayai yake. Orodha ya Ogden inavutia hadi uitumie. Ukimnyima mtu enter, itabidi aseme go in. Ukimnyima extinguish, aseme put out. Vitenzi vimepungua, na shimo ambalo Johnson alikuwa ameliona likapanuka.

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea daftari la kazi ya nyumbani. Alikuwa ameandika "childrens", na s imezungushiwa duara jekundu.

"Mjomba, nimekosea nini? Ni wengi."

Nikamweleza. Neno la mtoto kwa Kiingereza cha Kale lilikuwa "cild", na watoto ni "cildru", yenye r ya wingi. Watu wakaisahau kazi ya r wakaona neno halina wingi, wakaongeza -en, ile iliyobaki kwenye oxen. Kwa hiyo children ina wingi mara mbili. Nikamwambia na habari za "eyren" ya yule mama wa mlangoni, kwamba lilikuwa neno la familia hiyohiyo, r na n vilevile, likafa Sheffelde na wenzake waliposhinda. Nikamwambia pia kwamba wakati uliopita wa help ulikuwa "holp", mpaka watu walipochoka nao wakasema helped, kosa la watoto likawa sheria.

Alinisikiliza, kichwa kimeinama kwenye daftari.

"Kwa hiyo wao waliongeza wingi mara mbili hawakukosea, mimi nimeongeza mara ya tatu ndiyo nimekosea?"

"Ndiyo."

Akachukua kifutio akafuta s.